Msinitajie bingwa mwezi wa tisa

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno, na wengine mmeshaanza kuniandikia kuuliza kama nimerudi Bongo kimya kimya. Sijarudi. Nipo hapa hapa Indiana, kwenye kachuo ketu kadogo kalikozungukwa na mashamba ya mahindi, nakimbizana na maandalio ya somo na ripoti za mazoezi ya kufundisha. Leo nimepata upenyo kidogo na badala ya kulala nimeamua kuja kuchonga hapa, maana kuna jambo linanikera tangu jana jioni.

Jana tulikuwa mezani kwenye bwalo, mimi, mwenzangu wa chumbani (Mjaluo wa Kisumu, mnamjua kwa visa vyake vya nyuma), na jamaa wawili Wamarekani. Mmoja akatoa simu akaanza kusoma orodha: hawa ndio watakaogombea Heisman msimu ujao. Msimu wenyewe haujapigwa hata mpira mmoja! Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, na kila jina likapata mtetezi. Mwenzangu wa Kisumu akanigeukia akasema, "Haya mwalimu, chagua ukoo mwingine." Meza nzima ikacheka. Nitawaeleza kwa nini walicheka, lakini kwanza tuelewane, maana najua nusu yenu mnaosoma hapa mkisikia futiboli akili inakwenda Simba na Yanga.

Mimi nazungumzia ile ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai, ambayo vijana wanavaa helmeti na mabega ya plastiki na kugongana kama madume ya ng'ombe. Hapa mpira wa vyuo ni dini. Kuna viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja Jumamosi moja, kwenda kuwatazama wanafunzi. Wanafunzi, jamani, watu wa umri wetu, wenye koziweki na mitihani. Kama mnamkumbuka Hasheem Thabeet wetu alivyopita chuo cha Connecticut kwenye kikapu kabla ya kuchukuliwa namba mbili NBA mwaka 2009, basi mlango ni huo huo, ila kwenye futiboli ni mkubwa zaidi na kelele zake ni mara kumi.

Sasa Heisman ni tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa mpira wa vyuo. Ilianza 1935, ikatolewa na klabu moja ya michezo ya New York, na wa kwanza kuichukua alikuwa Jay Berwanger wa chuo cha Chicago. Mwaka 1936 mkurugenzi wa michezo wa klabu hiyo, John Heisman, akafariki, wakaipa tuzo jina lake. Ni sanamu ya shaba ya mchezaji anayekimbia, mpira kwapani, mkono mmoja kaunyoosha kumsukuma mpinzani. Wapiga kura ni waandishi wa habari 870, yaani 145 kwa kila kanda katika kanda sita za nchi, pamoja na washindi wa zamani walio hai, na kura moja tu inayowakilisha mashabiki wote. Kila mmoja anaandika majina matatu: la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Kura zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, kabla ya mechi za mtoano za ubingwa.

Kwa hiyo tuzo ni ya Desemba. Lakini kelele zinaanza Agosti, na wengine wanaanza hata kabla ya hapo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Turudi kwenye kicheko cha jana. Agosti 2025 tuliwekeana dau chumbani. Kila mtu ataje mshindi, na atakayekosa atamkaangia chapati aliyepata. Mimi nikasema Arch Manning wa Texas. Hata sikufikiri. Babu yake Archie alikuwa kwotabeki, baba zake wadogo Peyton na Eli walikuwa makwotabeki na wote wana pete za Super Bowl, na Texas yenyewe ilipangwa namba moja nchini kabla ya msimu. Kila orodha niliyofungua ilikuwa na jina lake juu. (Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila mchezo unapoanza na kuamua urushwe wapi, upewe nani au akimbie nao mwenyewe. Mfikirie kama kondakta, dereva na mpiga debe kwa pamoja.) Mwenzangu akamchagua Garrett Nussmeier wa LSU, kisha akanicheka: "Wewe hukuchagua mchezaji, umechagua ukoo."

Na mama mmoja anayegawa chakula bwaloni, mama mtu mzima wa hapa hapa Indiana, alipotusikia tukibishana kwenye foleni akasema na yeye anataka kuingia. Tukamwuliza nani. Akasema, "Wa Indiana." Tukamwuliza wa Indiana yupi, akasema yoyote atakayekuwa kwotabeki. Tulicheka mpaka tukamwaga juisi. Chuo kikuu cha Indiana, kule Bloomington, kinajulikana kwa kikapu, vikombe vitano vya taifa, cha mwisho 1987. Kwenye futiboli kilikuwa kati ya vyuo vilivyofungwa mechi nyingi zaidi katika historia yote ya mchezo huo. Tukaambiwa na wenyeji kwamba mama yule husema hivyo kila mwaka.

Mnajua kilichotokea? Agosti 30, 2025, mechi ya kwanza kabisa, Texas wakaenda kwa Ohio State wakafungwa 14 kwa 7. Manning alitupa mpira mara 30, ukafika kwa wenzake mara 17. Wiki mbili baadaye, nyumbani Austin dhidi ya UTEP, mipira 25, iliyofika 11, na mashabiki wa kwake mwenyewe wakamzomea. Wakati huo Texas wanashinda! Matokeo yalikuwa 27 kwa 10. Nilikuwa naangalia kwenye ukumbi wa hosteli na nilijisikia vibaya, kwa sababu wiki tatu nyuma watu walewale walikuwa wanampima urefu wa sanamu. Kosa lake lilikuwa nini hasa? Hakusema yeye ndiye mshindi. Sisi ndio tulisema, nami nikiwemo, tena kwa dau la chapati.

Halafu ikaanza kazi ya kubadilisha wafalme. Kwanza John Mateer wa Oklahoma, baada ya kuwapiga Michigan 24 kwa 13 mwanzoni mwa Septemba. Kila mtu Mateer, Mateer. Septemba 20 akaumia mkono anaotupia mpira kwenye mechi na Auburn, akafanyiwa upasuaji, akarudi dhidi ya Texas Oktoba 11, akanyang'anywa mipira mitatu hewani. Akashuka. Wakamtaja Carson Beck wa Miami. Oktoba 17 akatupa mipira minne mikononi mwa Louisville, akashuka naye. Nussmeier wa mwenzangu wala hakufika popote, na kocha wa LSU alifukuzwa kazi Oktoba hiyo hiyo. Kila wiki orodha mpya, na kila mwandishi anaandika kana kwamba orodha ya wiki iliyopita iliandikwa na mtu mwingine.

Na huko pembeni, Septemba 20, siku ileile Mateer alipoumia, Indiana walikuwa wanawachapa Illinois 63 kwa 10. Kwotabeki wao, Fernando Mendoza, mjukuu wa wahamiaji wa Cuba, kijana aliyetoka sekondari bila kutafutwa na vyuo vikubwa, aliyekuwa karibu kwenda Yale kisha akaangukia California kabla ya kuhamia Bloomington, alitupa mipira 23 na 21 ikafika. Tachidauni tano. (Tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui, hesabu kama goli la kifalme, pointi sita.) Oktoba akaenda Oregon akashinda 30 kwa 20. Novemba 8, kule Penn State, wako nyuma 24 kwa 20, dakika hazijafika mbili, akawavusha uwanja mzima na kumpata Omar Cooper nyuma kabisa ya eneo la kufungia, sekunde 36 zimebaki. Yule Cooper alishuka na ncha ya kiatu ndani ya mstari. Ukumbi wetu ulilipuka, na mimi nisiyekuwa wa Bloomington nikajikuta nimekumbatiana na mtu nisiyemjua. Desemba 6 wakawafunga Ohio State 13 kwa 10. Wiki moja baadaye Mendoza akabeba Heisman, wa kwanza katika historia ya Indiana. Pavia wa Vanderbilt wa pili, Love wa Notre Dame wa tatu, Sayin wa Ohio State wa nne. Januari 2026 akaongeza na ubingwa wa taifa, mechi 16 bila kufungwa.

Manning? Mwisho wa Novemba aliwafunga Texas A&M, 27 kwa 17, na akamaliza msimu kama mchezaji wa maana sana. Ni kijana yuleyule wa Agosti, na yuleyule wa Septemba.

Na haya si mambo ya mwaka mmoja. Nimekuwa nikisoma ya zamani (badala ya kusoma Saikolojia ya Elimu, nakiri). Septemba 29, 2012, Geno Smith wa West Virginia alipiga mechi moja ya ajabu dhidi ya Baylor: mipira 51, iliyofika 45, yadi 656, tachidauni 8, na hakuna hata mmoja ulionaswa na adui. Matokeo 70 kwa 63. Siku ile Heisman ilikuwa imeshafungwa, watu wamebakiza kumpelekea nyumbani. West Virginia wakafungwa mechi tano mfululizo, wakamaliza 7 kwa 6. Aliyeichukua ni Johnny Manziel wa Texas A&M, kijana wa mwaka wa kwanza, wa kwanza wa aina hiyo kushinda. Mechi yake ya kwanza Septemba ile, alifungwa na Florida. Kama ungemtaja siku hiyo ungepelekwa kupimwa malaria.

Sasa nisikilizeni, maana najua mtakachosema. Jamaa wa jana alisema vilevile: "Si unaona? Orodha inajirekebisha yenyewe. Mendoza alishinda, Manziel alishinda. Kuna ubaya gani watu wakijifurahisha Septemba?"

Ubaya upo. Chukua 2016. Lamar Jackson wa Louisville, ambaye mimi nampenda kuliko karibu mchezaji yeyote niliyewahi kumwona, Septemba 17 aliwasambaratisha Florida State 63 kwa 20. Kuanzia siku ile tuzo ilikuwa yake. Oktoba mosi akafungwa na Clemson ya Deshaun Watson. Novemba, wakati hesabu zinafungwa, akafungwa na Houston 36 kwa 10, halafu na Kentucky 41 kwa 38. Akashinda bado, na Watson akawa wa pili, kisha Watson akaenda kuchukua ubingwa wa taifa. Simnyang'anyi Lamar kitu. Takwimu zake zilikuwa za kutisha. Lakini jiulize: kama mechi zilezile zingepangwa kinyume, vipigo viwili Septemba na maajabu Novemba, au kama Watson ndiye angeanza na moto ule, kura zingekaa vilevile? Mimi nasema hapana. Aliyekwisha kuitwa bora, makosa yake yanaitwa bahati mbaya. Ambaye hakuitwa, hata akifanya vizuri tunasema ngoja tuone tena wiki ijayo. Na katika nchi yenye mechi kibao Jumamosi moja, mwandishi hawezi kuangalia zote. Anaangalia za wale waliomo kwenye orodha. Kwa hiyo orodha haitabiri tu, inachagua nani aonekane.

Vyuo vyenyewe vinalijua hilo zamani. Mwaka 1970 Notre Dame walikuwa na kwotabeki anaitwa Theismann. Kwao familia ilitamka "Thisman". Ofisi ya habari ya chuo ikaanza kulitamka "Thaisman" ili lipatane kwa sauti na Heisman. Yaani walimbadilishia mtu jina la ukoo kwa ajili ya sanamu! Akawa wa pili. Mwaka 2001 Oregon wakabandika bango la kwotabeki wao Joey Harrington kwenye ukuta wa jengo New York, kwa dola 250,000. Akawa wa nne. Unaweza kusema basi kampeni hazisaidii. Mimi naona wa nne na wa pili siyo haba, na hakuna chuo kidogo chenye robo milioni ya bango.

Mnikumbushe Ashton Jeanty, wa Boise State, 2024. Boise iko Idaho, mbali na kila kitu. Mechi ya kwanza yadi 267 za kukimbia na tachidauni sita. Ya pili, ugenini kwa Oregon, yadi 192 na tachidauni tatu, wakafungwa 37 kwa 34. Huyu ilibidi aanze hivyo ndipo watu wageuze shingo. Alimaliza mwaka na yadi 2,601, pungufu ya 27 tu ya rekodi ya Barry Sanders ya 1988, na bado akawa wa pili nyuma ya Travis Hunter wa Colorado. Kusema kweli na mimi ningempa Hunter. Mtu anayecheza upande wa kushambulia na wa kuzuia karibu mechi nzima, wiki kwa wiki, simwelewi anapumulia nini. Lakini Hunter alikuwa na kamera kila Jumamosi tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya kocha wake Deion Sanders, na Jeanty alizitafuta kwa magoti.

Halafu kuna wale ambao hawamo kwenye orodha ya Septemba wala ya Desemba, wala ya mwaka wowote. Kati ya tuzo 26 za mwaka 2000 hadi 2025, 21 zimekwenda kwa makwotabeki. Yale majitu ya mstari wa mbele, yanayomkinga kwotabeki ili asivunjwe mbavu, hayajawahi kushinda hata mara moja tangu 1935. Aliyekaribia ni John Hicks wa Ohio State, wa pili mwaka 1973. Mipira 21 kati ya 23 ya Mendoza siku ile ya Illinois, kila mmoja ulikuwa na watu watano mbele yake wanaobeba kilo mia na ushee za adui. Niambieni majina yao. Mimi mwenyewe ilibidi nitafute.

Pesa nazo zimeingia, na hapo zamani zilikatazwa. Reggie Bush alirudisha Heisman yake ya 2005 mwaka 2010 kwa sababu ya zawadi alizopokea akiwa mwanafunzi. Akarudishiwa Aprili 2024, baada ya wachezaji kuruhusiwa tangu Julai 2021 kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Kwa hiyo jina kwenye orodha ya Agosti sasa ni hela mfukoni. Siwaonei wivu. (Naona wivu kidogo. Boom la kwetu mnalijua.)

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike usiku huu badala ya kulala, maana mngejiuliza huyu mwalimu mtarajiwa mbona kakasirikia sanamu.

Msimu huohuo wa vuli, 2025, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha hesabu, shule ya hapa karibu, watoto wa miaka kumi na miwili. Wiki ya tatu mwalimu mlezi wangu akaniambia nipendekeze majina manane ya watoto wa kuingia kundi la hesabu za juu. Watoto 24. Nikatoa jaribio moja, nikaangalia nani ananyoosha mkono, nani anajibu haraka, nikaandika majina manane. Ilinichukua dakika kumi, nikajiona nina jicho. Nilikuwa naangalia Texas simu ikiwa imeegemea kikombe.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa mtoto wa Kikongo, familia yao wakimbizi waliokuja hapa si muda mrefu. Hakunyoosha mkono. Jaribio alikuwa ameacha maswali yote ya maneno tupu, yale ya "mtu ana tufaha kadhaa". Nikamwacha nje ya orodha. Oktoba, siku moja mchana, nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili. Nikamwita, nikamwambia mimi Mtanzania. Akanitazama kama aliyeona jini. Akasema, "Mwalimu, hesabu niko najua. Kingereza njo iko inanisumbua."

Nikamsomea maswali yale yale kwa Kiswahili changu cha Bongo, tukacheka mahali hatukuelewana, na akayafanya yote. Moja alilifanya kwa njia fupi kuliko yangu. Mimi ndiye mtu pekee katika jengo lile zima aliyekuwa na lugha ya kumpima mtoto yule, na mimi ndiye niliyemwacha. Nilimwendea mwalimu mlezi. Alinielewa, mama mzuri tu, lakini kundi lilikuwa limejaa, ratiba imepangwa, akasema tutaangalia muhula ujao. Na kati ya wanane wangu, wawili walikuwa wanahangaika kiasi kwamba mmoja alikuwa analia kabla ya kipindi. Huyo ndiye nilimwandika namba moja.

Muhula uliofuata alihamishwa, yule wa Kikongo. Mimi nilikuwa nimemaliza mazoezi, sikuwepo. Miezi mitatu alikaa anafanya hesabu ambazo alizimaliza Goma.

Kwa hiyo mtu akiniambia orodha inajirekebisha, namwuliza inajirekebisha lini, na kwa gharama ya nani. Najua futiboli siyo darasa. Watu wana haki ya kubishana, na mimi mwenyewe nabisha kila siku. Raha ya Jumamosi ni kubishana. Ninachokataa ni wale wenye kura 870 kuingia kwenye ubishi wetu wa Agosti na kutoka nao na jina ambalo wanalibeba mpaka Desemba. Wabishane mashabiki. Mwenye kalamu ya kusahihisha angefunga mdomo mpaka Novemba, aangalie na mechi za saa nne usiku za huko Idaho, aangalie na mstari wa mbele walau mara moja. Sidhani itatokea, kuna hela nyingi mno kwenye kelele. Lakini blogu ni yangu, nimesema.

Dau la chapati tulilipa, msidhani tulikimbia. Jumamosi moja Desemba, baada ya mitihani, mimi na mwenzangu tulikaanga chapati 40 kwenye jiko la hosteli, king'ora cha moshi kikalia mara mbili, tukampelekea mama wa bwaloni kwenye mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Alikuwa amevaa kofia nyekundu ya Indiana. Akala moja palepale, amesimama, akauliza kuna asali. Nikamwuliza alijuaje. Akasema hakujua kitu chochote, anasema hivyo kila mwaka tangu alipoolewa, mume wake alikuwa anakaa hivyo hivyo kwenye kiti akingoja, na akafa Indiana wakiwa bado wanafungwa.

Jana, wakati wale wanasoma orodha yao, nilikwenda kuongeza wali, nikamkuta amesimama na upawa wake. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Wa Indiana."

Nimemwuliza yupi. Akanijazia wali, akaita anayefuata.

Haya wadau, saa nane usiku hapa, na andalio la somo bado. Tuonane kwenye maoni, ila atakayekuja na ukoo wa Manning nitamfuta.